Kipimo cha Kiwiko

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Mzee Kesho. Jina hilo alipewa na mke wake mwenyewe. Kwa miaka kumi na mmoja yule mama aliomba ajengewe meza ya zege jikoni, chini ya dirisha, aache kupikia kwenye kijimeza cha mbao kilichoyumba kama mlevi. Na kwa miaka kumi na mmoja mjomba alimjibu neno moja tu: kesho. Watu walicheka, na mkewe mwenyewe alicheka nao. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini huyu alingoja huku anatabasamu, mpaka homa ya wiki moja ikamchukua.

Nyumba ya watu wawili ikibaki na mmoja, we acha tu. Mjomba alikula mkate mkavu amesimama. Redio aliiacha ikisema kutwa nzima, hata akiwa dukani, ili akirudi akute sauti ya mtu. Mwaka ukapita hivyo, mpaka binti yake, mtoto wake wa pekee, akampa neno la mwisho.

"Baba, jikoni kwako hapaingiliki. Mwisho wa mwezi nikikuta bado unaishi kwa mkate, nakuchukua ukae kwangu. Nyumba tunaipangisha."

Mjomba hakutaka kuhama. Mkewe alikuwa bado yumo humo, japo kwa harufu ya nguo zake kabatini. Na humo kabatini, chini ya nguo, ndimo alimokuta daftari. Lilijaa picha za majiko zilizokatwa kwenye magazeti ya zamani na kubandikwa kwa gundi ya unga. Pembeni, kwa penseli, mkewe alikuwa ameandika mashauri yake. "Kabati hii nzuri, ila ikae upande wa mlango." "Vigae vyeupe hapana, vitashika masizi." Ukurasa wa mwisho alichora ramani ya jikoni lake, na chini ya dirisha akaandika: "Niwe naegemea hapa nikimsubiri."

Mjomba alilia kwa sauti. Nani wa kumsikia?

Kulipokucha akamwita mwashi mmoja msemaji, akamwonyesha ile ramani.

"Mzee, meza ya jikoni haipimwi kwa futi," mwashi akasema. "Inapimwa kwa mwili wa mpishi. Anasimama ukutani, anakunja mkono, nachora mstari kwenye kiwiko. Kutoka hapo nashuka kiganja kimoja, ndipo inapokaa meza. Mgongo haulalamiki ng'o. Mpishi nani?"

"Mpishi ni mimi. Hakuna mwingine."

"Basi kesho nakuja kukupima. Ukichelewa, niwekee ufunguo nianze na kuta."

Siku ya pili mteja mmoja asiyeridhika na shati lake akamchelewesha mjomba dukani. Alifika nyumbani saa tisa alasiri, akamkuta mwashi uani ananawa mikono.

"Hukunisubiri unipime?"

"Si nimeshampima mama."

"Mama gani?"

"Mama wa humu ndani! Mzee nawe kwa masihara! Uliniambia hakuna mwingine, kumbe yupo. Alikuwa dirishani. Akasimama ukutani, akanipa kiwiko hata sijamweleza. Mpole kweli. Mkono wake tu ulikuwa wa baridi, nikajua alikuwa anaosha vyombo."

Mjomba alishika mlango. "Alisema nini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Aliuliza tu kazi ya meza inaanza lini. Nikamwambia, kesho, mama. Loo, alicheka! Alicheka mpaka akafuta machozi. Sijui nilisema nini cha kuchekesha."

Mwashi akaaga, akaenda zake. Mjomba akaingia jikoni peke yake.

Mstari ulikuwepo ukutani. Fundi cherehani hatembei bila utepe wake shingoni. Akauvua, akapima kutoka sakafuni. Inchi thelathini na saba na nusu. Akapima tena. Kwa miaka thelathini alimshonea mkewe kila nguo, na vipimo vyake alikuwa navyo kichwani. Bega mpaka kisigino. Toa bega mpaka kiwiko. Jibu likawa lile lile, hata nusu inchi haikupungua.

Kiwiko chake mwenyewe kiliupita ule mstari kwa kiganja kizima na zaidi.

Akageuka. Sahani aliyoiacha chafu asubuhi ilikuwa imeoshwa. Sponji lilikuwa linadondosha maji. Tone. Tone. Ndipo akagundua kwa nini anasikia matone. Redio ilikuwa imezimwa.

"Ni wewe?" akanong'ona.

Sponji likadondosha tone jingine.

Angeweza kukimbia, na miguu ilikuwa tayari. Lakini akimbilie wapi? Kwenye chumba cha wageni cha binti yake, awe mgeni mpaka kufa? Akabaki. Akaweka kiganja kwenye ule mstari, akasema, "Nisamehe, mke wangu."

Asubuhi mwashi alimkagua kwa jicho, akamkagua tena. "Mzee, wewe mrefu. Ukifuata kipimo cha mama utapinda mgongo."

"Fuata hicho hicho. Mgongo ni wangu."

Zege likamwagwa, likalainishwa kwa mwiko mpaka likang'aa. Usiku huo mjomba alilala kwa binti yake. Aliogopa, hakuficha. Nyumba ilifungwa na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Walipofungua na mwashi asubuhi, juu ya ile meza, mbele ya dirisha, palikuwa na vishimo viwili vidogo vya mviringo, vimekaa bega kwa bega.

"Nani ameegemea zege langu bichi kwa viwiko?" mwashi akafoka. Akachukua mwiko avizibe. Mjomba akamshika mkono.

"Viache."

Mwashi alimtazama, akatazama ule mstari ukutani, akakusanya vifaa vyake. Kazi ya vigae hakurudi kuifanya.

Mwisho wa mwezi binti alimkuta baba yake anachemsha maharage ameinama, na sahani mbili zimeandaliwa. Alimsihi sana. "Sihami," mjomba akamjibu. "Nimengojwa vya kutosha." Binti hakujua afurahi au alie, akamwacha.

Miaka minne alipikia meza ile fupi, mpaka mgongo ukabaki umepinda hata akitembea barabarani. Akafariki usingizini. Tulipomaliza mazishi, mimi na binti yake tuliingia kusafisha jikoni. Nilipopitisha kitambaa mezani, mkono wangu ukazama.

Vile vishimo viwili vidogo tulivizoea. Pembeni yake palikuwa na vingine viwili, vikubwa, vya mtu mrefu aliyelazimika kuinama. Binti akaniuliza kama nilivijua. Sikuvijua. Wiki moja kabla nilikula na mjomba pale pale, na upande huo wa meza haukuwa na hata alama.

Na zege la miaka minne, muulize mwashi yeyote, halibonyei.