Pumba Hafungiwi Jikoni

Kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara, watu walitimua mbio wote kwa mpigo. Paka aliyelala juu ya magunia alikuwa ameanguka, anatetemeka, mapovu yanamtoka mdomoni.

"Msimguse! Kifafa hicho!"

Akabaki binti mmoja, gauni la maua limejaa vumbi, amepiga magoti akimlaza paka ubavu. Na kijana mmoja wa suruali ya bagi na shati jeupe, aliyekuwa amepanda juu ya mzani.

"Shuka, kaka. Mzani huo wa mchele, si wa waoga."

"Nikishuka utaniambia jina lako?"

"La paka ni Pumba. Langu litafute."

Alilitafuta. Binti ni Odilia, mfanyabiashara wa mchele; yeye kijana ni Masalu, fundi redio, mtoto wa wafugaji wa Malinyi. Masika yalipokatika alikuwa amemganda Odilia kama ruba, na Odilia hakutaka abanduliwe.

Lakini tusidanganyane, kuuguza paka si mchezo. Pumba na dada yake Mchele walianguka kila wiki. Vidonge vya bwana mifugo vilifichwa ndani ya dagaa. Wakala dagaa, wakatema vidonge. Odilia alikosa gulio la Namawala, mikono imechanwa makucha, mikeka haikauki kwa kufuliwa. Majirani nao wakatabiri kwamba atamwambukiza mume.

Siku moja Masalu alimpigia Odilia simu kwenye ofisi ya mashine.

"Mpenzi, Jumapili shangazi analeta posa. Ila wale paka... siku hiyo tu, wafungie jikoni."

"Wakianguka humo peke yao?"

"Odi, umechoka. Mwenyewe unajua."

"Nimechoka kuwauguza. Sijawachoka! Unayewaonea aibu paka wangu, kesho utanionea mimi. Usije." Akakata simu, akalia.

Jumapili Masalu na shangazi yake wakaja nyumbani kwa Odilia hivyo hivyo. Odilia, gauni la bluu, nywele zimesukwa vizuri, alimwamkia shangazi kwa adabu na hakumtazama Masalu. Pumba alikuwa amejinyoosha katikati ya mkeka. Odilia alipotokea na trei ya soda, paka akakakamaa.

Shangazi alipandisha miguu kitini. "Asiguswe!"

Masalu alishapiga magoti. Alimlaza Pumba ubavu, akamfuta mapovu kwa mkono wa shati lake jeupe.

"Masalu! Mate hayo! Toka!"

"Nimeshagusa, shangazi. Na mimi mtanifungia jikoni?"

Shangazi alikwapua mkoba, akaondoka na posa yake bila kuaga.

"Nisamehe, Odi," Masalu alisema, magoti bado chini. "Niliona aibu, na aibu yenyewe ni yangu, si yako. Posa imeondoka, mposaji yupo. Utakubali nikuoe?"

Odilia aliweka trei chini. Machozi yanamtiririka, alichomeka kidonge ndani ya dagaa, akamwekea Masalu kiganjani.

"Akizinduka, mpe. Akikitema, mpe tena. Na hivyo hivyo mpaka tuzeeke."

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndilo. Angalia vidole, anang'ata."