Kiraka cha Jicho la Poongodi

Kila asubuhi Poongodi alifagia mlangoni, akanyunyiza maji, kisha akachora maua chini kwa unga wa mchele kama wasichana wote wa mtaa wao. Siku hizi mistari yake ilikwenda upogo. Jicho lake la kushoto lilikuwa bovu tangu utotoni, na la kulia, alilolitegemea, lilipigwa na kijiti mchezoni. Kila alichokitazama kilikuwa na doa jeusi katikati. Kwa kuogopa kukatazwa kucheza, alimficha bibi yake, Ramayi, jambo hilo kwa miezi mingi.

Bibi alipogundua, alimkimbiza hospitali mjini. Poongodi alipasuliwa, lakini tundu ndani ya jicho, lililoleta lile doa, halikuziba.

“Limekaa mno,” alisema Daktari Thenmozhi. “Sasa nitaliziba kwa kiraka cha utando wa kondo la nyuma. Mama aliyejifungua aliutoa kwa hiari, nasi tumeusafisha.”

Bibi aliruka. “Najisi ya uzazi wa mtu nisiyemjua, jichoni mwa mjukuu wangu? Thubutu! Majirani hawatakanyaga kwangu.”

“Wasikanyage!” Poongodi alifoka. “Bibi, ng'ombe akizaa, kondo lake unalifunga kwa majani na kulitundika mtini ili maziwa yajae. La ng'ombe ni baraka, la binadamu ni najisi? Jicho ni langu, nami nataka kuona!”

Bibi alisokota ncha ya sari yake. “Mtoto huyu ana mdomo,” alisema mwishowe. “Haya, mtibu.”

Baada ya upasuaji, Poongodi aliamriwa kulala kifudifudi nyumbani siku kadhaa ili kiraka kishike. Shingo ilimuuma mpaka akalia, lakini hakugeuka.

Jirani yao, Sellammal, alisimama nje ya mlango wao, pua ameikunja. “We mtoto, utabusu sakafu mpaka lini? Na hiyo najisi yenu!”

“Mpaka nikuone vizuri, shangazi, unavyokunja pua!”

Wiki zilipita, doa likafifia, kisha likatoweka. Asubuhi moja Poongodi alichora ua kubwa, na mistari yake ikakutana bila kupinda. Sellammal alipita akaliruka kana kwamba nalo ni najisi.

“Mwenye kuona najisi apitie nyuma!” Bibi alimpigia kelele. Kisha akamgeukia mjukuu wake, machozi yakimlengalenga. “Ungeniambia siku ile ile ulipoumia, usingeteseka hivi. Mwili ukikuuma, sema mapema. Huo ubishi wako baki nao, mjukuu wangu, lakini usinifiche tena.”

“Sitakuficha, Bibi,” alisema Poongodi, akachota unga mwingine.