Hodi ya Tatu

Ndani walikuwa watu watatu, na mlangoni palikuwa na pea nne za viatu.

Bi Amne ndiye aliyeona. Chumba cha kumbukumbu cha chuo kilikuwa ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani, Mkunazini, na sheria yake ilikuwa kuvua viatu nje, kwa sababu vumbi la mjini huharibu karatasi na kanda. Viatu vyake vyeusi vilikuwepo. Ndara za Mudrik zilikuwepo, na viatu vya Ulfat vyenye ua la plastiki. Pembeni yake, yamepangwa vizuri, yalikuwa makubadhi ya kike ya kizamani, yamelowa maji. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima.

"Kuna mtu kaingia?" aliuliza.

"Hapana mtu, Bi Amne," alijibu Mudrik bila kuinua kichwa. "Ni sisi tu."

Aliyasogeza makubadhi kando kwa ncha ya mguu, akaenda kukaa. Siku zile hapakuwa na kitu kilichomshughulisha sana. Tangu amzike binti yake Mize, wakati wa masika, alikuwa akila bila kujua anakula nini. Alisali kwa wakati. Alikuja kazini, akarudi nyumbani Kikwajuni, akalala. Watu walimpa pole naye akaitikia. Machozi hayakuja, na kwa hilo pia alimwomba Mungu msamaha.

Kazi ya mwaka huo ilikuwa kanda za kaseti. Mwalimu mmoja wa skuli, sasa ni marehemu, alizunguka mashamba miaka mingi akirikodi ngoma na hadithi, na wanawe wakalileta sanduku zima chuoni. Wanafunzi wawili walikuja kila mchana kusaidia. Mmoja aliipiga kanda iingie kwenye kompyuta, mwengine akavaa hedifoni na kuandika kila kinachosemwa. Bi Amne aliwakazania jambo moja: kanda husikilizwa mpaka mwisho, hata pakiwa kimya, maana mtu huweza kuanza tena kusema.

Jana yake Ulfat alipata kanda ya uganga. Wanawake wa kijiji cha kaskazini walikuwa wakimpunga mgonjwa pepo. Waliimba, wakapiga makofi, kisha wakanyamaza wote kwa pamoja. Baada ya kimya kirefu ilisikika sauti ya mwanamke, kama iko nje ya mlango. "Hodi." Hakuna aliyejibu. "Hodi," ilisema tena. Zilisikika pumzi za watu, na mtoto aliyeanza kulia akazibwa mdomo. "Hodi," mara ya tatu.

"Karibu!" Ulfat alisema kwa sauti, hedifoni zimo masikioni.

Mudrik alicheka mpaka akaegemea rafu. "Unamkaribisha nani, wewe? Watu wa Jang'ombe nyinyi, hata mwizi akipiga hodi mnamwambia pita, kaa, kula."

"Bora sisi. Nyinyi Watumbatu mgeni akija mnazima taa, mnajifanya hamumo."

"Tunazima kwa sababu tunawajua wageni wenyewe."

"Lo! Mtu apige hodi mara tatu asijibiwe? Mimi sikulelewa hivyo. Imentoka tu."

Hata Bi Amne uso wake ulifanya kitu kama tabasamu. Ulfat aliisikiliza kanda mpaka mwisho, kama alivyofundishwa. Baada ya hodi ya tatu ilikuwa kimya tu, halafu hatua za mtu anayekwenda zake, taratibu, mpaka zikapotea. Aliandika hayo, akaitia kanda ndani ya boksi lake.

Hayo yalikuwa jana. Leo ndiyo makubadhi yalikuwa mlangoni, na walipotoka alasiri hayakuwepo tena. Mahali pake palibaki maji.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya kanga iliyosahauliwa kwenye ndoo, na ndani yake udi. Walifungua madirisha, Mudrik akapiga deki kwa sabuni, na harufu ikabaki pale pale, kati ya meza ya Ulfat na rafu za nyuma. Kiti cha nne, ambacho kilikaa kimeegemezwa ukutani, walikikuta kila siku kimesogezwa mezani, kama kuna mtu alikuwa akiwangojea.

Ulfat akaanza kukauka sauti. Alisema ni vumbi. Bi Amne akamletea tangawizi kwenye chupa ya chai. Siku zikapita, sauti ikawa nyembamba, ikawa mnong'ono, na mama yake akampeleka kwa daktari, ambaye alimwangalia koo asione kitu. Msichana aliendelea kuja kazini. Alisema nyumbani akikaa anahisi kama kasahau kitu huku, na hapumziki mpaka arudi.

Adhuhuri moja wanafunzi waliteremka kwenda kusali. Bi Amne alikuwa ameshasali, akawa peke yake kwenye rafu za nyuma, akipanga maboksi.

"Mama, hili nikiweke wapi?"

Hakugeuka. Mkono wake ulibaki juu ya boksi. Ilikuwa sauti ya Mize, ile ile, ya puani kidogo, yenye haraka. Mize alipokuwa hai alizoea kuja Jumamosi kumsaidia mamake kupanga, na kila mara alikosea hivyo hivyo, akasema "hili nikiweke", na kila mara mamake akamsahihisha.

Bi Amne alijua. Alisoma chuo cha Kurani kwa bibi yake, akakhitimu, akafundishwa kwamba aliyekufa yuko alipo na harudi kuja kuuliza maboksi. Alijua kinachoiga sauti za watu ni nini. Alisoma Ayatul Kursiyyu mpaka katikati.

"Umekula, mama?"

Hapo akaacha kusoma.

Kuanzia siku ile akawa anawahimiza wanafunzi waende kusali mapema, wasiharakie kurudi. Alikaa kwenye kiti chake, akakitazama kile kiti cha nne, na sauti ikamzungumzisha mambo madogo. Maji yametoka leo? Jirani kashajifungua? Lile gauni la zambarau umelitoa sadaka au umeliweka? Bi Amne alijibu kwa maneno mawili matatu. Hakufurahi. Hakuogopa vilevile. Alikuwa kama mtu aliyetiwa ganzi jino, akawa anaugusa mdomo kwa kidole ili ajue kama bado ni wake.

Siku moja sauti ilicheka. Mize alikuwa na kicheko cha kupanda ngazi, kinachoanza chini na kuishia juu. Kicheko kilipofika juu, Bi Amne alisikia kitu kimeanguka chumba cha mbele. Alikwenda kuangalia. Ulfat hakuwa amekwenda kusali, kwa kuwa alikuwa katika siku zake, na alikuwa ameketi sakafuni, mikono yote miwili shingoni, mdomo wazi, akivuta na kuvuta, na mdomoni mwake hamkutoka hata mnong'ono. Nyuma ya rafu kicheko kiliendelea kidogo, kisha kikakatika.

Bi Amne alimpa maji. Alimfuta uso. Alielewa wakati ule ule mahali sauti ya binti yake ilipokuwa ikitolewa, na hakumwambia mtu.

Mudrik naye alikuwa na lake. Aliichukua ile kanda akaipiga tena, na akamfuata Bi Amne na mashine mkononi.

"Bi Amne, nnakuomba usikilize."

"Nshaisikia."

"Hii hujaisikia. Hebu."

Zilikuwepo hodi tatu kama mwanzo. Lakini baada ya ile ya tatu hapakuwa tena na hatua za mtu anayeondoka. Ilisikika komeo likivutwa. Ukasikika mlango wa mbao unafunguka, na viatu vinavuliwa, kimoja, na cha pili, vikawekwa chini kwa adabu. Kisha sauti ya kike ikasema karibu sana, "Ahsante, mwanangu."

"Kanda za zamani huingiliana," alisema Bi Amne. "Irudishe."

"Haijaingiliana! Bibi yangu Tumbatu alikuwa akituambia. Wengine ni wa adabu. Hupiga hodi tatu, wakinyamaziwa huondoka zao. Wale kwenye kanda walijua, ndiyo wakamziba mtoto. Ulfat kamkaribisha. Bi Amne, yule msichana anakwisha. Tumwite mtu."

"Ngoja kidogo."

"Tungoje nini?"

Bi Amne alivuta boksi jengine akaanza kulipanga. Mudrik akateremka ngazi bila kuaga, na kesho yake alikuja na ami yake, Maalim Himid, mzee mfupi mwenye kanzu iliyofuliwa sana, aliyesimama mlangoni bila kuvua viatu akavuta pumzi kwa pua na kusema, "Huyu kakaa. Kashazoea."

Ilikuwa baada ya alasiri. Mama yake Ulfat alimleta mwanawe amemshika kiuno. Wakamlaza kwenye mkeka mbele ya rafu, na Maalim akakaa kichwani pake, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, isiyo na pupa, na harufu ya kanga mbovu ikajaa chumbani mpaka Mudrik akafunika pua. Alisoma muda mrefu. Kisha akasita.

"Mimi namchosha tu," alisema. "Mgeni aliyekaribishwa hatolewi na mpita njia. Mwenye kumwambia aende ni mwenye nyumba. Aliyemkaribisha hana sauti. Hapa mwenye nyumba nani?"

Mudrik alimtazama Bi Amne. Mama yake Ulfat akamtazama pia, akamshika mkono. "Bi Amne, dada yangu. Huyu ndiye wangu wa pekee. Msemee."

"Utamwambia mara tatu," alisema Maalim. "Tumekukaribisha, sasa nenda. Mara tatu, kama alivyobisha. Mimi nitasoma, usinisikilize mimi, wala usimsikilize yeye."

Akafumba macho akaendelea kusoma, na Bi Amne akasimama mbele ya kiti cha nne, akasema, "Tumekukaribisha, sasa nenda," na karatasi kwenye rafu zikaanza kutikisika ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa, na mwili wa Ulfat ukakakamaa juu ya mkeka, na mama yake akamlalia kifuani akiita Yarabi, Yarabi, na Mudrik akazishika rafu kwa mikono yote miwili zisianguke. Akasema mara ya pili, "Tumekukaribisha, sasa nenda," na ndipo kwenye kiti kile kitupu, karibu kabisa na goti lake, sauti ya Mize ikasema, si kwa kilio wala kwa hasira, bali kama mtoto anayeuliza jambo ambalo anajua jibu lake, "Mama, na wewe unanfukuza? Nikitoka hapa hutanisikia tena, unajua lakini, mama, hutanisikia tena mpaka siku ya siku," na Bi Amne akaona mara moja kila kitu kitakachofuata, ngazi za kuteremka, njia ya Kikwajuni, mlango, sufuria moja, mto mmoja, na kimya ambacho kitakuwepo kesho na kesho kutwa na Ramadhani na Idi, na akafungua mdomo mara ya tatu na midomo yake ikapita juu ya kila neno, moja baada ya jengine, bila pumzi, bila sauti hata kidogo.

Hakuna aliyejua. Maalim alikuwa amefumba macho na kisomo chake kilikuwa juu. Mama yake Ulfat alikuwa akilia, uso umelala kifuani kwa mwanawe, na Mudrik alikuwa amezigeukia rafu.

Chumba kikatulia. Harufu ikaondoka kama imefungiwa mlango. Ulfat akavuta pumzi ndefu, mwili ukalegea, akalala usingizi.

"Alhamdulillah," alisema Maalim Himid. Alijifuta jasho, akamtazama Bi Amne kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Umesema mara tatu?"

"Midomo yangu imesema mara tatu," alisema Bi Amne.

Ulfat alipumzika nyumbani mpaka mwezi ukaandama. Mama yake alipiga simu kila siku kushukuru. Alisema mtoto anakula vizuri, anasali, na sauti imerudi. Imebadilika kidogo, alisema, imekuwa ya puani, lakini daktari kasema koo likishaumia huwa hivyo, na shukrani zote ni za Mungu.

Siku aliyorudi Ulfat kazini, Mudrik hakuwepo. Alikuwa ameshaomba ahamishiwe maktaba ya Tunguu. Ulfat aliingia, akaketi mezani pake mbele ya mashine, akachukua hedifoni akaziweka kando. Alikuwa amenenepa kidogo. Alimtazama Bi Amne akatabasamu, tabasamu pana, na wakati mdomo ukitabasamu macho yalikuwa yamekazwa, yamejaa machozi, yanamtazama kama anavyotazama mtu aliye nyuma ya kioo ambaye amepiga kelele mpaka amechoka.

Machozi yalimwagika mashavuni. Mdomo haukuacha kutabasamu.

Bi Amne aliyaona. Nambari ya simu ya Maalim Himid ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi chini ya kikombe chake, na alichohitaji ni kunyoosha mkono tu. Chini, muadhini wa msikiti wa jirani alikohoa kwenye kipaza sauti.

"Mama," alisema Mize kwa mdomo ule.

Bi Amne aliweka kalamu mezani.

"Naam," akasema.