Shikamoo ya Namba Nne

Shuka za namba nne zilikataa kukauka. Juliana, mhudumu wa vyumba, alizianua saa tano zikiwa kavu hadi zinakwaruza, akazitandika na kufunga mlango. Saa saba mchana alipozigusa tena zilikuwa mbichi, kana kwamba kuna mtu ametoka kuoga akajilaza juu yake bila kujifuta. Na hii ni Mikumi, mwezi wa kumi, ambako chai ikimwagika mezani inakauka kabla hujapata kitambaa.

Debora, mwenye hoteli, alimgombeza. Kwanza alisema hazikuanikwa vizuri. Halafu akasema bomba linavuja. Fundi akaja, akabomoa vigae vitatu, akakuta bomba zima, akaondoka akiwa ameacha shimo. Siku iliyofuata Debora aligusa mto wa kitanda kile, akalamba kidole, akakuta chumvi.

Hoteli yenyewe ilikuwa na vyumba tisa kando ya barabara kuu ya Iringa, na jina lake lilikuwa Kasideb. Jina hilo lilitokana na Kasian na Debora, na lilikuwa wazo la Kasian, mumewe, ambaye tangu apigilie kibao hicho hakufanya tena jambo la maana pale. Debora ndiye aliyeijenga, chumba baada ya chumba, kwa miaka tisa, akianzia kwenye kibanda cha chapati. Kasian alikaa Mamboya kwenye mashamba yao. Alishuka Mikumi mara moja kwa wiki, akaketi barazani, akanywa soda, akatoa maoni.

Ni katika kutoa maoni huko ndipo alipoleta kitanda. Kilitoka kwenye hoteli moja kongwe ya pwani, upande wa Tanga, iliyokuwa ikivunjwa. Kilikuwa kitanda cha mvule, kizito, kichwani kimechongwa maua. Watu sita walikiingiza namba nne mwezi wa saba.

"Wazungu watagombania kulala hapa," alisema Kasian.

Wazungu hawakugombania. Aliyejilaza namba nne mchana aliondoka kabla ya chai ya jioni, akisema kuna mzee anakohoa chumbani. Waliolala tatu na tano walilalamika harufu. Debora aliijua, maana alishawahi kufika Dar: mwani, samaki, maji ya chumvi yaliyolala. Juliana, ambaye wazazi wake walihamia Tindiga na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa, hakuwahi kuiona bahari. "Mama, inanuka mwalo wa wavuvi," alisema. "Kama baba anavyosimulia."

Lakini Kasian akishuka, chumba kilinuka sabuni. Shuka zilikuwa kavu, kikohozi hakuna. Debora alimshika mkono mara nne akampeleka namba nne, na mara zote nne Kasian alisimama katikati ya chumba, akavuta pumzi puani, akamtazama mkewe kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyomchoma. Mtu akikuita mwongo unaweza kumjibu, lakini akikuonea huruma utamjibu nini?

Kufikia mwezi wa kumi hata madereva wa malori hawakusimama tena. Kasian akatoa maoni mengine: mambo yakiendelea hivi, hoteli ifungwe, igeuzwe ghala la mahindi.

"Ghala!" Debora alilirudia neno hilo jikoni, akatamani kurusha sufuria.

Wiki hiyohiyo alipigiwa simu na binti aitwaye Winnie. Yeye na mwenzake Laurent walikuwa na chaneli ya kusaka mizimu katika majengo ya kale. Walikuwa wameifuata ileile hoteli ya pwani, wakakuta kuta mbili tu zimesimama.

"Mlinzi katuambia mzee wa pale kaondoka na kitanda chake," alisema Winnie. "Tangu hapo pametulia. Kitanda ndiyo kipo kwako, mama?"

Debora alikaribia kulia kwa furaha. Hatimaye mtu mwingine amelisema. Alimwita Kasian aje ashuhudie kwa masharti ya Kasian mwenyewe: vijana wakikuta kitu, kitanda kinatoka, wasipokuta, Debora asilitaje tena.

Winnie alitaka kurekodi gizani. Debora akamweleza kwamba mzee huyu usiku hana shida na mtu, yeye ni wa saa saba mchana, jua likiwa utosini na watu wamelala.

"Mchana?" Winnie alikunja uso. "Sasa mama, nani atatishika mchana?"

Hata hivyo wakatega kamera mbili, na kinasa sauti kimoja ukumbini, kwenye mlango wa namba nne. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Winnie alisimama mbele ya kitanda mikono kiunoni.

"Kama upo, gonga mara mbili! Babu, hebu jitokeze, usituzingue!"

Juliana alijiziba uso kwa kanga kwa aibu. Hakuna aliyegonga. Kulikuwa na lile joto la Mikumi tu, na nzi. Debora alipita ukumbini huku na huko na maji ya kunywa, akijisemea moyoni, jitokeze basi, umenitesa miezi mitatu, leo ndiyo unaona haya?

Saa kumi jioni walikusanyika mapokezi. Kamera hazikuwa na kitu. Winnie alirusha daftari lake kwenye begi. "Zii. Tumechemka." Kasian alifungua soda, akainywa taratibu, jambo lililomuudhi Debora kuliko kama angetoa maoni. Kisha Laurent, aliyekuwa na vidude masikioni, akainua kichwa.

"Mama Debora, samahani. Hapa ulikuwa unaongea na nani?"

Akaifungulia sauti. Zikasikika ndala za Debora zikija ukumbini. Zikasimama. Kisha sauti yake, ya upole, ya mtoto aliyelelewa vizuri:

"Shikamoo."

Kimya kidogo.

"Sijambo."

Kimya kirefu zaidi.

"Ndiyo, mzee. Nitazibadilisha."

Ndala zikaendelea. Laurent akasogeza mbele, ikaja ya pili, ya tatu, zote sauti ya Debora peke yake akimwamkia mtu na kumjibu. Mara sita kwa mchana mmoja.

"Mama, kama ulitaka kiki ya mtandaoni ungesema tu," alisema Winnie, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

Debora alitaka kusema si mimi. Ndipo akaikumbuka siku kitanda kilipoingia. Wabebaji walikuwa wameondoka, naye akipangusa maua yale, mtu mzima akakohoa nyuma yake. Mama yake, kule Mamboya, alimfinya sikio mtoto aliyesubiri kugeuka ndipo aamkie. Kwa hiyo Debora aliamkia kwanza, akageuka baadaye. Akaitikiwa marahaba, na chumbani hapakuwa na mtu. Alijiambia amesikia vibaya. Hakujua kwamba tangu siku ile mdomo wake ulikuwa unaendelea bila yeye.

Kasian aliweka chupa chini taratibu. "Debora, umechoka. Nikirudi Jumapili ijayo nakuja na gari. Tunafunga, twende nyumbani ukapumzike."

"Kasian, wewe mwenyewe umesikia!"

"Nimekusikia wewe," alisema.

Hapo ndipo Debora, Mwanglikana wa kuzaliwa, mwimbaji wa kwaya, alipopanda basi kwenda Kilosa mjini kumtafuta Mwalimu Yassin wa madrasa, aliyesifika kwa kusomea nyumba zenye mashetani. Mwalimu alikuja kesho yake, mtu mfupi, mwenye haraka. Alisoma dua namba nne hadi jasho likamtoka. Kisha akaagiza kitanda kitolewe, akaondoka nacho kwenye gari la kukodi. Lakini kabla hajapanda alimwita Debora kando.

"Kitanda ni usafiri wake tu. Makao umempa wewe. Aliyeamkiwa ndani ya nyumba ni mzee wa nyumba. Sasa siku saba, binti yangu, asipate shikamoo ya mtu yeyote humu ndani. Usimwamkie usiyemwona kwa macho. Atachukia, ataondoka mwenyewe."

"Na akisema nami?"

"Usijibu. Na wenzako waambie."

Debora alimwambia Juliana, akampigia na Kasian. Kasian alicheka kicheko kifupi. "Mimi nimelelewa, Debora. Sitakosa adabu kwa ajili ya mganga." Akakata simu. Debora alibaki anaitazama ile simu, akaona heri angeongea na ukuta.

Siku ya kwanza kikohozi kilikuja mara mbili, cha kawaida, cha mtu anayejulisha tu kwamba yupo. Debora aliuma ulimi. Siku ya tatu kilimfuata hadi jikoni. Siku ya tano alisikia kiti cha mapokezi kikivutwa na mtu akiketi kwa kuguna, naye Juliana, akifagia, akajikuta ameshafika kwenye "Shi", akajipiga kofi mdomoni mwenyewe, wakatazamana wale wanawake wawili bila kucheka. Ugumu wenyewe ni huo. Kukimbia wangeweza, kupiga kelele wangeweza, lakini kumnyamazia mzee kulikuwa kama kumtemea mate.

Siku ya saba, Jumapili, saa saba mchana, Debora alikuwa stoo akikunja shuka, mgongo wake kwa mlango, na hoteli nzima imenyamaza, hata majogoo wa jirani, hata barabara, ndipo harufu ya bahari ilipoingia kwa nguvu ambayo hajawahi kuisikia, si ya mwani tu bali ya kitu kilichokaa majini miaka mingi bila kuzikwa, ikapanda kooni mwake, na nyuma yake, karibu kiasi cha kuhisi ubaridi shingoni, mtu akakohoa, akasubiri, akakohoa tena, kisha akasema, "Debora, mwanangu, siku hizi huniamkii?" kwa sauti iliyojaa masikitiko ya kweli ya mtu mzima aliyedharauliwa na watoto, hata machozi yakamtoka Debora kwa aibu, na neno likapanda lenyewe, likafika kwenye meno, naye akachukua pindo la shuka akalisokomeza mdomoni akaling'ata, akaling'ata huku maji baridi yanatambaa sakafuni na kumfikia vidoleni, huku yule mtu akipumua na kungoja, akipumua na kungoja, mpaka mwisho akaguna.

Hatua zikageuka. Nzito, za kulowana, polepole, zikapita ukumbini, zikapita mapokezi, zikatoka barazani. Harufu ikazifuata.

Debora alitoa shuka mdomoni. Lori lilipita barabarani na jogoo mmoja akawika. Juliana alitoka mbio chumba cha pili akiwa amekumbatia shuka za namba nne. "Kavu, mama! Zote kavu!" Wakakumbatiana, Debora akalia kwa sauti, maana hoteli yake ilikuwa imerudi mikononi mwake.

Ndipo wakasikia mlango wa gari ukifungwa nje, na sauti ya Kasian, kubwa, ya uchangamfu:

"Shikamoo, mzee!"

Debora alikimbia kupitia jikoni hadi barazani, akakuta gari tu, akarudi ndani mbio. Aliteleza ukumbini, akashika ukuta, akamkuta Kasian anatoka upande wa vyumba akijifuta mikono, amekasirika kwelikweli.

"Ninyi mna nini? Mzee wa watu nimekutana naye ngazini, kanzu imelowa chapachapa, anaondoka analia. Anasema siku saba kwenye nyumba hii hajaamkiwa na mtu. Ndiyo hoteli unayoililia hii?"

"Kasian. Yuko wapi?"

"Nimemrudisha ndani. Nimemwomba radhi, nimemwambia hapa ni kwake, akae atakavyo. Nimemwacha namba nne, ameketi kitandani."

"Kitanda kipi?" Debora alinong'ona. "Kasian, kitanda kipi?"

Alimpita, akasukuma mlango. Namba nne ilikuwa tupu tangu Jumatatu, sakafu na shimo la fundi tu, jua limeingia dirishani. Debora alisikiliza kwa mwili mzima. Alisikia jogoo. Alimsikia Juliana akivuta kamasi. Zaidi ya hapo hakusikia kitu.

Lakini Kasian, nyuma yake, alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, mikono ameiweka mbele, kama mtu anayepewa maagizo.

"Unasikiliza nini?" aliuliza Debora. "Kasian, nitazame mimi!"

Kasian hakumtazama. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kutandika kitanda tangu azaliwe, na sasa alikuwa anarudi nyuma kwa adabu kuelekea stoo.

"Ndiyo, mzee," alisema. "Nitazibadilisha."