Mbuke na Msitu Uliofungwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Limi alimpelekea mama yake uji kwenye zizi la mbuzi. Mama huyo, Mbuke, alikuwa amefungwa gogo mguuni, kama vichaa walivyofungwa kijijini kwao, upande wa Geita. Mchana alisinzia uji ungali mdomoni. Usiku alizunguka na gogo lake akiongea peke yake. Majirani walisema akili yake imezeeka kabla ya mwili. Watoto walimwiga, wakipepesuka huku wamekodoa macho, na Limi akacheka nao ili wasimtenge.

Mwaka 1953 alifika Selestine, bwana mganga wa serikali, kupima watu. Alimtazama Mbuke kwa muda mrefu, kisha akauliza kama aliwahi kuingia kwenye msitu uliofungwa kwa sababu ya mbung'o, nzi wanaoambukiza malale. Aliyekamatwa humo alifungwa jela. Bujiku, baba yake Limi, aliapa kwamba mkewe hajakanyaga huko. Alisema wazimu ule ni wa ukoo wa mkewe, wa kurithi. Selestine akaanza kufunga mkoba wake.

Limi aliona mama yake anaachwa afie pale.

"Baba, ulimtuma wewe," alisema. "Masika, akachukue asali. Aliumwa na mbung'o, akarudi na jipu mgongoni na homa."

Bujiku alimpiga kofi mbele ya mgeni, damu ikamtoka puani. Limi akainuka, akayasema tena yote. Selestine akaagiza Mbuke afunguliwe gogo na kupelekwa hospitali.

Hospitalini walimtoa Mbuke maji ya uti wa mgongo, wakayatazama kwa darubini, wakaona vijidudu vya malale. Sindano ya dawa ilichoma mishipa kama pilipili. Wanawake wawili walimshika akipiga mayowe. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikufa. Mbuke alipona, akili ikarudi, ila alibaki akichechemea kwa mguu uliofungwa gogo, na kitu cha kwanza alichouliza ni nani aliyemfunga.

Badala ya kumjibu, Bujiku alianza kumshukuru Selestine, naye akamkatiza.

"Usinishukuru. Kichaa hakuwepo hapa. Alikuwepo mgonjwa wa kutibika, na mume aliyeogopa jela. Mgonjwa hawezi kujisemea. Anayemsemea akidanganya, anamuua."

Kisha akamgeukia Limi.

"Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu masika, bwana."

"Miezi yote hiyo mama yako analala na mbuzi. Ulisema kweli, na imemponya. Ungeisema mapema, asingekuwa anachechemea. Siku nyingine usingoje kuulizwa."