Ukurasa Uliochanwa

"Ukurasa wa kwanza uko wapi?" nilimuuliza mwanangu, fotokopi ya kitabu cha dawa mkononi.

"Mama nawe! Ule ni maneno ya sheria tu. Nani anausoma?"

"Kama hausomwi, mbona umeuchana?"

Akajifanya anashughulika na mashine. Jamani, duka lake la fotokopi linatazamana na chuo cha uuguzi, na kila jalada alikuwa ameligonga mhuri wake, utadhani kitabu kakitunga yeye.

Dada yake, mwanafunzi wa chuo hicho, alikuwa kwenye benchi, sare mwilini. Asubuhi ile wodini alipima dawa ya mtoto kwa jedwali la kitabu hicho. Muuguzi mkuu alimdaka mkono sindano ikiwa imeshajaa. Kipimo kilikuwa mara kumi ya kinachotakiwa.

"Kaka, kitabu hiki kiko mtandaoni bure," alisema. "Waliokitunga wameruhusu kila mtu akinakili. Jedwali walishalisahihisha! Ukurasa wa kwanza unasema wazi: usitumie kabla ya kuangalia masahihisho kwenye anwani hii."

"Ningejuaje wamekosea?"

"Uliuchana watu wasijue kitabu ni cha bure," nikamwambia. "Onyo nalo likaenda na maji."

Akaondoa mikono kwenye mashine.

"Wenzako wangapi wanacho?" nilimuuliza binti.

"Darasa zima, mama. Waliobaki wanaingia zamu saa nane."

Zilibaki dakika kumi na tano. Nikateremsha mlango wa duka nusu, nikamwekea kijana simu ya dada yake mkononi. "Kundi la darasa lao. Kwa sauti yako. Sema ulichofanya."

"Mama, nani atakanyaga hapa tena?"

"Mtoto wa watu angekufa, wewe unaniuliza wateja?"

Akarekodi. Alisema yote, akatuma pamoja na anwani ya masahihisho. Majibu yakaanza kuingia, mengine matusi. Mmoja hakujibu. Binti akaichukua simu yake, akatoka mbio, akavuka barabara kuelekea wodini.

Saa nane kasoro dakika mbili alipiga simu ya dukani: "Nimemkuta mlangoni mwa wodi. Nimemnyang'anya kitabu."

Kijana alichapa ule ukurasa wa kwanza, akaubandika mlangoni, kisha akaanza kuzichana nakala zilizobaki, moja moja.

FUNZO

Elimu iliyotolewa bure ni ya wote. Ukiinakili, inakili yote, pamoja na majina ya waliotoa jasho na anwani ya masahihisho. Nawe msomaji, ukipewa kitabu kisicho na ukurasa wa kwanza, uliza umekwenda wapi. Uliza kabla hujashika sindano.