Kampuni Iliyotoa Santuri ya Kaka

Haya yalimpata rafiki yangu, mtunza santuri wa redio. Albamu ya marehemu kaka yake ilitolewa upya, na jalada likataja kampuni ambayo hakuna aliyeijua. Mama yao akamsihi atafute ni akina nani.

Basi akajifungia katika chumba cha kusikilizia, kisicho na dirisha, akaicheza hadi mwisho, maana kaka alizoea kufunga kila albamu kwa kuitaja kampuni iliyoitoa.

Nyimbo zikaisha, ukabaki mkwaruzo wa sindano. Kisha kaka akasema taratibu, “Dada, hata mimi siwajui hawa. Nifungulie, huku ni giza.” Kitu kikagonga ndani ya spika, kama ukucha.

“Nikufungulie wapi, kaka?” akauliza huku analia.

Akainua sindano. Akachomoa waya ukutani. Ndani ya spika, ukucha uliendelea kugonga, polepole.